Kukusanya Matoleo ya Kwanza ya Tenzi za Vita: Mwongozo kwa Mkusanyaji wa Unguja na Pemba

Mtu anayetaka kukusanya matoleo ya kwanza ya tenzi za vita ana jambo moja la kulijua kabla hajatoa hata shilingi: utenzi wa Kiswahili aghalabu haukuingia mashineni kwa mara ya kwanza ukiwa kitabu. Uliingia ukiwa nyongeza ya jarida la wataalamu wa lugha, au makala ndani ya mkusanyo uliochapwa Berlin, au safu mbili za gazeti, na baadaye, pengine miaka mitano, pengine ishirini, ndipo ulipotengenezewa jalada na kupewa sura ya kitabu. Kwa hivyo kile chenye sura nzuri dukani mara nyingi ni toleo la pili, na kile chembamba kilichobanwa kwa pini na kulazwa chini ya rundo la ripoti za serikali ndicho cha kwanza. Anayeijua tofauti hii bado anaweza kujenga mkusanyiko wa maana kwa pesa za kawaida. Asiyeijua atalipa bei ya toleo la kwanza na kurudi nyumbani na la pili.

Hatua ya kwanza: chagua vita

Usikusanye "mashairi ya vita" kwa jumla, kwa sababu shamba hilo halina mpaka. Chagua vita, au chagua kipindi, kisha ukae hapo mpaka uvijue vitabu vyake kwa kuvipapasa.

Kwa mtu wa visiwani ziko njia tatu nne zilizo wazi. Ya kwanza ni vita vya Wajerumani na watu wa Mrima, vilivyoanza mwaka 1888 katika pwani ambayo kwa jina ilikuwa bado chini ya Sultani wa Zanzibar, ambavyo Hemedi bin Abdallah el Buhriy alivitungia utenzi unaojulikana kama Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Ya pili ni vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, alivyovitungia Abdul Karim bin Jamaliddini. Ya tatu ni Vita Kuu ya Pili, ambayo Shaaban Robert aliiandikia Utenzi wa Vita vya Uhuru. Ya nne ni ya zamani zaidi na inatuhusu kwa namna ya pekee: mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambayo mengi yametungwa katika miaka ya uhasama baina ya Mazrui, watawala wa Mombasa, na Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar. Katika mashairi hayo sisi ndio adui, na ni vizuri mkusanyaji wa Unguja awe nayo kabatini.

Anayeanza na mfuko mwepesi afikirie vita vya Kagera. Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada wa Henry Muhanika ulitolewa na Dar es Salaam University Press mwaka 1981, na nakala za wakati huo hazijawa adimu kiasi cha kutisha. Tenzi za vita vya dini, kama ule wa Uhud, ni tawi jengine. Nitalitaja hapa chini kwa sababu lina mkono wa Mzanzibari ndani yake.

Hatua ya pili: andika nasaba ya kila utenzi

Hii ndiyo hatua yenye kazi, na ndiyo inayomtofautisha mkusanyaji na mnunuzi wa vitabu vikuukuu. Chukua daftari, na kwa kila utenzi unaoutafuta fungua ukurasa wake peke yake. Andika ulitungwa lini, uliandikwa kwa khati gani, ni nani aliyeuhawilisha kutoka herufi za Kiarabu, ulichapwa wapi kwanza, ukachapwa tena wapi, na kila mara kitu gani kiliongezwa au kuondolewa. Ukimaliza utaona kwamba suali la "toleo la kwanza ni lipi" lina majibu tofauti kwa kila utenzi.

Tuchukue mifano. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, ulitoka mwaka 1955 ukiwa nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Mwaka 1960 East African Literature Bureau ikautoa tena katika mfululizo wa Johari za Kiswahili, ukiwa namba moja ya mfululizo huo. Nakala ya 1960 ndiyo inayoonekana kwa wingi zaidi, na kwa kuwa imebeba namba moja, wauzaji huisifu kuwa ni ya kwanza. Namba hiyo ni ya mfululizo. Chapa yenyewe ni ya pili. Ukiambiwa "hii ndiyo ya kwanza, tazama imeandikwa moja," usibishane na muuzaji. Mpe bei ya toleo la pili, na akikataa, shukuru uondoke.

Utenzi wa Majimaji una tatizo jengine. Ulichapwa Berlin mwaka 1933 na A. Lorenz, ndani ya jarida la chuo cha lugha za Mashariki cha huko, na mwaka 1957 ukatoka Afrika Mashariki pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley, nao pia ukiwa nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili. Kwa kipimo cha wakati, chapa ya 1933 ndiyo ya kwanza na hakuna la kuongeza. Lakini mimi naona mkusanyaji wa kwetu asione haya kuianza safari na ile ya 1957, kwa sababu ndiyo iliyourejesha utenzi kwenye mikono ya wasomaji wa mwambao, na kwa sababu ya Berlin mara nyingi hupatikana ikiwa imekatwa kutoka kwenye juzuu kubwa na kushonwa upya, jambo linaloipunguzia thamani isipokuwa uwe na yakini ya ilikotoka.

Muyaka alifariki mwaka 1840, na diwani yake ikangoja karne nzima: William Hichens aliihariri, na University of the Witwatersrand Press ya Johannesburg ikaichapa mwaka 1940, huku dunia ikiwa vitani. Hapa toleo la kwanza ni kitabu kamili na shaka ni ndogo. Shaaban Robert naye aliaga dunia mwaka 1962, na Utenzi wa Vita vya Uhuru ukatolewa na Oxford University Press, Nairobi, mwaka 1967. Yaani toleo la kwanza la utenzi mkubwa kabisa wa Vita Kuu ya Pili katika Kiswahili ni kitabu ambacho mwenyewe hakukiona. Kwa hivyo nakala yoyote ya kitabu hicho utakayoletewa ikiwa na "saini ya mtunzi" ni ya kughushi, na huhitaji utaalamu wa wino kulijua hilo.

Utenzi wa Vita vya Uhud, uliokusanywa na Haji Chum wa Unguja na kuhaririwa na H. E. Lambert, ulitoka mwaka 1962, nao katika Johari za Kiswahili. Vita vyenyewe ni vya zama za Mtume, lakini nakala ni ya kwetu, na kwa mkusanyaji wa visiwani naiweka mbele ya nyingi zilizo ghali kuliko hiyo.

Usisahau magazeti. Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa likipokea mashairi ya wasomaji mwezi baada ya mwezi, na Baraza lilianza Nairobi mwaka 1939, mwaka ule ule vita vilipoanza. Shairi fupi la vita lililotumwa na karani au mwalimu wa shule na kuchapwa humo pengine halikuchapwa tena mahali popote; toleo lake la kwanza ndilo la mwisho. Juzuu zilizojalidiwa za Mambo Leo za miaka ya vita ni hazina ambayo wauzaji wengi huipima kwa kilo.

Kwa kujisaidia, tafuta Kala Shairi, mkusanyo wa mashairi ya Kiswahili ya zama za Wajerumani uliotolewa Cologne mwaka 2002 na Gudrun Miehe, Katrin Bromber, Said Khamis na Ralf Großerhode. Kitabu hicho hukikusanyi kwa ajili ya uadimu; unakiweka mezani ili ujue shairi gani lilichapwa wapi.

Hatua ya tatu: isome nyuma ya ukurasa wa jina

Kitabu kikifika mkononi, usianze na jalada. Fungua ukurasa wenye jina la kitabu, ugeuze, na usome kila mstari ulio nyuma yake, hata ule wa herufi ndogo kabisa chini unaomtaja mpiga chapa. Hapo utaona mwaka wa chapa ya kwanza na, kama kimerudiwa, miaka ya marudio. Ukikuta mwaka mmoja tu, na mwaka huo ni ule ulioandikwa kwenye daftari lako, umekaribia. Ukikuta safu ya nambari zinazofuatana, nambari ndogo kuliko zote iliyosalia ndiyo inayoonyesha ni chapa ya ngapi. Mtindo huu ni wa vitabu vya karibuni, hivyo usiutazamie katika vya miaka ya hamsini.

Pale ambapo mwaka haukuandikwa, au ukurasa umechanika, viko viashiria vingine. Namba ya kimataifa ya vitabu, ISBN, ilianza na tarakimu kumi mnamo 1970 na ikawa tarakimu kumi na tatu tangu 2007. Utenzi unaodaiwa kuwa wa 1960 ukiwa na namba hiyo nyuma umechapwa upya, basi. Jina la nchi nalo linasema: chapa iliyotaja Tanganyika kuwa ndiyo nchi yake ni ya kabla ya Muungano wa Aprili 1964 au ya miezi michache baadaye, kwani jina la Tanzania lilianza kutumika Oktoba mwaka huo. Jina la mchapishaji pia. East African Literature Bureau ilianzishwa mwaka 1948 na ikavunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule mwaka 1977, na vitabu vyake vya mwanzo mwanzo vingi vilitoka kwa jina la Eagle Press. Penye Kenya Literature Bureau, jua ni baada ya hapo.

Kiashiria ninachokipenda zaidi ni bei iliyoandikwa kwa penseli kwenye pembe ya ukurasa wa mwanzo. Zanzibar ilitumia rupia mpaka mwisho wa mwaka 1935, na shilingi ya Afrika Mashariki ikaanza Januari 1936. Kitabu chenye bei ya rupia kwa mkono wa muuzaji wa Unguja kilikuwa kisiwani kabla ya tarehe hiyo. Hilo halithibitishi toleo, lakini linathibitisha safari ya nakala, na nakala yenye safari inayojulikana hupendwa kuliko isiyojulikana. Kwa sababu hiyo hiyo usifute bei wala jina la mwenye kitabu wa zamani. Wako wanaosafisha kila alama ya penseli wakidhani wanakitengeneza kitabu, ilhali wanakifutia historia yake.

Baada ya hapo hesabu kurasa. Katika vijitabu vya kubanwa kwa pini, karatasi ya katikati ndiyo hupotea, kwani pini zikishika kutu huila karatasi pale pale zinapopita, na karatasi moja iliyokunjwa, yenye kurasa nne, hudondoka bila mtu kujua. Funua katikati kabisa: utaona vidonda viwili vya rangi ya kahawia, kila kimoja na duara lake hafifu. Ukiona vidonda lakini pini ni mpya zinang'aa, mtu amekibana upya, na hapo ni lazima uhesabu beti, si kurasa tu, kwa sababu nambari za beti haziwezi kuruka.

Hatua ya nne: pa kutafuta, na namna ya kubisha hodi

Madukani Mji Mkongwe utapata vitabu vipya na vya watalii. Tenzi za miaka ya hamsini ni bahati. Wauza vitabu vya mitumba wa Dar es Salaam na Mombasa wana mengi zaidi, na inafaa uwe na mtu wako huko anayejua unachokitaka kwa jina. Lakini chimbuko hasa, kwa Unguja na Pemba, ni majumbani: masanduku na makabati ya walimu waliosomesha kabla na baada ya uhuru, makarani wa serikali, na masheikh. Majarida ya Kamati ya Kiswahili yalisomwa na watu wa kazi hizo. Nyumba moja ya mwalimu mstaafu Wete au Chake Chake yaweza kuwa na kile ambacho mji mzima hauna.

Nyumbani kwa watu hakuendewi kama dukani. Nenda na mtu anayejuana nao, nenda baada ya alasiri, na siku ya kwanza usitaje kununua. Omba kuona, na useme kwa nini. Mazungumzo yenyewe huwa mepesi ukiyaanza kwa adabu:

"Shikamoo, bibi. Nimeambiwa marehemu Maalim alikuwa na tenzi za zamani. Naomba, kama hapana uzito, nizitazame tu."

"Marahaba, mwanangu. Vitabu vyake vipo, lakini vina vumbi. Na wenyewe ni watoto, si mimi peke yangu."

Jibu hilo la mwisho lishike sana. Vitabu vya marehemu ni mirathi, na kila mrithi ana haki yake ndani yake. Ukinunua kwa mmoja bila ya wengine kujua, umenunua ugomvi. Ngoja warithi wakubaliane, andikeni karatasi yenye majina ya vitabu, bei na tarehe, kila mtu aweke saini yake, na uiweke karatasi hiyo pamoja na vitabu. Kisha fungua ukurasa wa mwanzo wa kila kitabu na kila mswada utafute neno wakfu. Masheikh wetu walikuwa na desturi ya kuweka vitabu wakfu kwa msikiti, kwa chuo au kwa wanafunzi, na kuandika hivyo kwa mkono. Kilichowekwa wakfu hakiuzwi wala hakinunuliwi, hata kama anayekiuza hajui. Mwonyeshe maandishi, na umsaidie kukirejesha panapostahiki.

Mihuri ya maktaba na ya shule inataka uangalifu wa namna hiyo. Muhuri pekee si dalili ya wizi, kwani maktaba hutoa vitabu na kuviuza; lakini panapokosekana muhuri wa pili unaoonyesha kwamba kitabu kimetolewa rasmi, uliza kwanza kwenye maktaba yenyewe.

Hatua ya tano: ukikutana na mswada

Huenda ukaja kwa ajili ya kitabu ukaonyeshwa karatasi za mkono: utenzi kwa herufi za Kiarabu, umeshonwa kwa uzi au umefungwa kwa kitambaa. Hili ni tawi jengine la elimu na sitadai kulimaliza hapa, lakini mambo matatu yanamsaidia mtu asiharibu.

Tazama mwisho kabla ya mwanzo. Wanakili wengi huandika kwenye tamati jina lao na tarehe ya Hijria. Kwa makadirio ya haraka, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha ujumlishe 622. Mwaka 1307, kwa mfano, ulianza mwishoni mwa Agosti 1889 na kumalizika katikati ya Agosti 1890, kwa hivyo tarehe ya mwaka peke yake karibu kila mara huangukia katika miaka miwili ya Miladi, na mwezi ndio unaokata shauri. Kumbuka pia kwamba tarehe hiyo ni ya kunakili, na utenzi wenyewe waweza kuwa wa zamani zaidi.

Inua karatasi mbele ya dirisha. Karatasi zilizotengenezwa Ulaya kwa ajili ya soko la nchi za Kiislamu mara nyingi zina alama ya maji ya hilali tatu. Karatasi yenye mistari ya daftari la shule ni ya karne ya ishirini, hata kama khati ni ya kale kwa mtindo. Wala si aibu, kwani nakala nyingi njema ziliandikwa kwenye madaftari.

La tatu ni kuuliza. Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani wana miswada ya kulinganisha na watu wa kukusomea, na ndio wa kuwaendea kwanza kabla mswada haujavuka bahari kwenda popote. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyiko aliouacha Allen, ambao orodha yake ilichapwa mwaka 1970, na chuo cha SOAS cha London kina miswada ya mmisionari W. E. Taylor na ya Hichens. Ukishajua kwamba utenzi ulioshika umo katika mojawapo ya hazina hizo, linganisha beti za mwanzo na za mwisho. Tofauti ya beti chache ndiyo inayoweza kuufanya mswada wa nyumba fulani ya Pemba uwe na thamani kubwa kuliko ulivyodhaniwa. Kwa maoni yangu mswada haufai kununuliwa na mtu binafsi pale familia inapoweza kuutunza. Upige picha, uwaachie.

Hatua ya sita: kununua kutoka nje, na tawi la Kiingereza

Nyongeza za jarida zilizopelekwa Ulaya zilihifadhika vizuri zaidi kuliko za kwetu, kwa sababu ya hewa tu, hivyo itakulazimu wakati mwengine uagize. Mtake muuzaji picha tano: jalada, ukurasa wa jina, nyuma yake, ukurasa wa katikati unaoonyesha pini, na ukurasa wa mwisho kabisa. Picha ya mwisho ndiyo inayofichua vitabu vilivyonakiliwa kwa mashine na kuchapwa kimoja kimoja kwa anayeagiza, kwani huwa na mistari ya msimbo na tarehe ya kuchapwa pembeni. Muuzaji anayekataa kupiga picha hiyo amekwisha kujibu. Kabla ya kulipa, uliza gharama za posta na ushuru, maana kwa kijitabu chembamba gharama hizo zaweza kuizidi bei yake.

Wako wanaotaka pia mashairi ya Kiingereza ya vita, na hapo ushauri wangu ni kushika yale yaliyozaliwa upande huu wa dunia. Francis Brett Young, daktari aliyefuatana na jeshi la Waingereza katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, alitoa Five Degrees South kwa Martin Secker mwaka 1917. Roy Fuller, aliyekuwa Kenya na jeshi la majini katika Vita Kuu ya Pili, alitoa A Lost Season kwa Hogarth Press mwaka 1944. Vitabu vya Uingereza vya miaka ya Vita Kuu ya Pili vimechapwa kwa karatasi nyembamba kwa sababu ya mgao, na vingi vina alama ya simba juu ya kitabu kuonyesha kwamba vimefuata kanuni za ubanaji wa vita. Wembamba huo si kasoro.

Majina makubwa yana bei kubwa, ila yanafundisha. Mashairi ya Rupert Brooke yalitolewa na Sidgwick and Jackson mwaka 1915, muda mfupi baada ya kifo chake mwezi wa Aprili, na yakarudiwa mara nyingi ndani ya muda mfupi. Marudio yenye mwaka ule ule wa 1915 yamejaa sokoni, na mwaka peke yake haukutoshi. Mashairi ya Wilfred Owen yalitoka kwa Chatto and Windus Disemba 1920, miaka miwili baada ya kuuawa wiki moja kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kusimama. Viache kwa wenye uwezo.

Hatua ya saba: kuhifadhi katika hewa ya visiwani

Hapa ndipo makusanyiko mengi ya kwetu yanapofia. Adui wa kwanza ni unyevu wa masika, Machi hadi Mei, unaoleta koga. Wa pili ni mchwa. Wa tatu ni mende na wale vijidudu wembamba wa rangi ya fedha wanaopenda gundi ya mgongo wa kitabu.

Katika nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe ukuta wa nje hunywa maji na kuyatoa taratibu. Usiliegemeze kabati kwenye ukuta huo. Liache mbali nao kadiri ya upana wa kiganja, na miguu yake isimame juu ya vigae au vikombe ili mchwa wasipande bila kuonekana. Rafu ya chini kabisa iache tupu. Vitabu visibanane, hewa ipite. Mifuko ya plastiki iliyofungwa kabisa ni hatari zaidi kuliko rafu ya wazi, kwa sababu unyevu uliomo ndani hauna pa kutokea. Kitumie kijitabu bahasha ya karatasi nzuri isiyo na asidi, au kama hukuipata, karatasi nyeupe safi inayobadilishwa kila mwaka. Vifuko vya silika jeli vinafaa ndani ya sanduku dogo ikiwa utakumbuka kuvikausha. Karafuu, ambazo mabibi zetu waliziweka baina ya nguo, zina mafuta yanayotia doa karatasi; zikiwemo, ziwe ndani ya kitambaa kwenye pembe ya kabati, zisiguse kitabu.

Kitabu kipya kinachoingia nyumbani kikae peke yake kwanza. Ukiona matundu au unga wa wadudu, kifunge ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, ukiweke katika friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha ukitoe na ukiache ndani ya mfuko siku nzima kabla ya kuufungua, ili umande ushike plastiki na sio karatasi. Umeme ukikatika mpaka friza ikayeyuka, anza hesabu upya.

Pini zenye kutu ni suala linalogombaniwa. Ulaya wanasema ziachwe kwa kuwa ni sehemu ya nakala. Kwa hewa ya kwetu mimi naziondoa, kwani kutu hailali. Tia kipande cha karatasi ngumu chini ya kila mguu wa pini, uinue taratibu kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa, usitumie koleo, kisha pitisha uzi wa pamba kwenye matundu yale yale na ufunge fundo kwa ndani. Pini zenyewe zitie katika bahasha ndogo uiweke pamoja na kitabu, na uandike umefanya nini. Selotepu usiitumie kabisa, hata kwa mchaniko mdogo, maana gundi yake hugeuka manjano na haitoki.

Hatua ya nane: daftari na wasia

Kwa kila nakala andika jina lake kamili, mchapishaji, mwaka, idadi ya kurasa, hali yake siku ulipoipata, ulipata kwa nani, kwa bei gani, na alama zote za mkono zilizomo. Weka nakala ya pili ya daftari katika nyumba nyengine. Mtafiti au mwanafunzi akiomba kutazama, mruhusu asome mbele yako na apige picha bila ya mwako wa kamera.

Mwisho ni suala la baada yako. Kama unataka vitabu vibaki pamoja na viende Nyaraka au chuo, kumbuka kwamba wasia wa Muislamu haupiti thuluthi moja ya mali yake isipokuwa warithi waridhie, na kwamba thamani ya vitabu itahesabiwa ndani ya thuluthi hiyo. Anayetaka yakini zaidi aviweke wakfu yeye mwenyewe angali hai, kwa maandishi na mashahidi, akiorodhesha kila kitabu kwa namba yake katika daftari.